Ziara 200, Malipo 9: Wateja Wako Wanakwama Wapi?

Umelipia tangazo Facebook, linki ya duka lako la viatu imezunguka kutoka Nakuru mpaka Molo na Naivasha, lakini till imenyamaza. Shida ni tangazo, bei, ama ukurasa wa malipo? Ukibahatisha tu, utazidi kumwaga pesa.

Matomo inaweza kukusaidia. Ni programu huria ya kuhesabu wageni wa tovuti. Ilianza 2007 ikiitwa Piwik, mwaka uleule M-PESA ilipozinduliwa Kenya. Programu yenyewe ni ya bure; unacholipia ni seva. Fundi wa tovuti yako ataiweka kwenye seva yenye PHP na MySQL, kisha abandike msimbo mfupi kwenye kurasa zako. Takwimu zinabaki kwako.

Usikimbilie jumla ya wageni. Weka malengo mawili: mtu kufungua ukurasa wa kulipa, na mtu kufika ukurasa wa "Asante", ule unaotokea malipo yakishaingia.

Tuseme wiki hii umepata ziara 200. Kati ya hizo, 60 zilifika kwa ukurasa wa kulipa, na 9 pekee zikafika "Asante". Basi tangazo limefanya kazi yake. Ziara 51 zimeishia hatua ya mwisho.

Sasa shika simu ya bei ya chini, washa bando, ujaribu kununua mwenyewe. Ukurasa unachelewa? Ombi la PIN linafika? Namba ya till inasomeka? Rekebisha kitu kimoja, halafu ulinganishe na wiki ijayo. Angalia pia taarifa ya till yako, maana mtu anaweza kulipa na kufunga ukurasa kabla ya kuona "Asante".

Jambo moja usilisahau: Matomo hurekodi anwani ya kila ukurasa unaofunguliwa. Kwa hivyo mwambie fundi namba ya simu ya mteja isiingie kwenye anwani hiyo, na afiche sehemu ya anwani ya IP. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakudai utunze habari za wateja. Na PIN? Mteja aiweke kwenye ombi linalotokea kwa simu yake pekee. Tovuti yako isimuulize kamwe.