Mgogoro wa makasha ya bahati katika Star Wars Battlefront II

Mgogoro wa makasha ya bahati katika Star Wars Battlefront II ulikuwa mabishano kati ya wapenzi wa michezo ya video na kampuni ya Marekani Electronic Arts (kifupi: EA). Ulifikia kilele mwezi Novemba 2017, siku chache kabla ya mchezo huo kutolewa rasmi. Wachezaji walilalamika kwamba mtu aliyekwisha kulipia mchezo alitakiwa kulipa tena, au kucheza saa nyingi mno, ili apate mashujaa na nguvu ambazo wapinzani wake mtandaoni waliweza kuzipata kwa fedha. Malalamiko hayo yaliilazimisha EA kusimamisha mauzo ya ndani ya mchezo na kubadilisha muundo wake, na yalifikisha suala la makasha ya bahati mbele ya wabunge na mamlaka za kamari katika nchi kadhaa.

Mchezo wenyewe

Star Wars Battlefront II ni mchezo wa mapigano ya silaha uliojengwa juu ya filamu za Star Wars. Ulitengenezwa hasa na DICE, studio ya EA iliyoko Stockholm, Uswidi. Studio ya Motive ya Montreal, Kanada, ilitengeneza sehemu ya hadithi, na Criterion ya Uingereza ilishughulikia mapambano ya vyombo vya angani. Ulitolewa tarehe 17 Novemba 2017 kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta za Windows. Nchini Marekani toleo la kawaida liliuzwa kwa dola 60, na toleo la kifahari kwa dola 80.

Uzito wa mchezo uko kwenye mapambano ya mtandaoni. Katika pambano kubwa kuliko yote wachezaji 40 hugawanywa pande mbili, 20 kwa 20. Kila mmoja huanza kama askari wa kawaida. Anayepigana vizuri hukusanya alama, na alama zikitosha anaweza kurudi uwanjani akiwa mmojawapo wa wahusika maarufu wa filamu, kama Luke Skywalker au Darth Vader, ambaye ana nguvu kuliko askari wengi kwa pamoja. Kuwa Vader kwa dakika chache ndicho kitu ambacho watu wengi walinunua mchezo huu kwa ajili yake.

Malalamiko dhidi ya mchezo wa 2015

Mgogoro wa 2017 haueleweki vizuri bila kutazama mchezo uliotangulia, Star Wars Battlefront wa mwaka 2015. Mchezo huo ulisifiwa kwa picha na sauti, lakini ulilaumiwa kwa mambo mawili. Kwanza haukuwa na hadithi ya mchezaji mmoja. Pili, sehemu kubwa ya viwanja na mashujaa wa ziada ilifungwa nyuma ya pasi ya msimu iliyouzwa kwa dola 50, karibu sawa na bei ya mchezo wenyewe.

Katika mchezo wa mtandaoni, pasi ya aina hii huumiza hata wale walioilipia. Uwanja mpya unaweza kuchezwa tu na wenye pasi, kwa hiyo wachezaji hugawanyika makundi mawili yasiyokutana. Marafiki waliozoea kucheza pamoja hutenganishwa kwa sababu mmoja amenunua na mwingine hakununua. Kadiri miezi inavyopita, wenye pasi hukaa muda mrefu wakisubiri wenzao watimie ili pambano lianze. Yaani mtu analipa zaidi na anapata watu wachache zaidi wa kucheza nao.

EA ilisikia. Kwa mchezo wa pili ilitangaza kwamba hakutakuwa na pasi ya msimu, kwamba viwanja na mashujaa watakaoongezwa watakuwa bure kwa kila mtu, na kwamba kutakuwa na hadithi kamili. Wapenzi wengi walilipokea tangazo hilo kwa furaha. Lakini fedha zilizokuwa zikitoka kwenye pasi zilipaswa kutoka mahali pengine.

Jinsi makasha yalivyofanya kazi

Kasha la bahati ni kifurushi cha ndani ya mchezo ambacho mnunuzi hajui kilichomo mpaka akifungue. Katika Battlefront II makasha yalinunuliwa kwa njia mbili. Moja ilikuwa krediti, sarafu inayopatikana kwa kucheza: kasha la askari lilikuwa krediti 4,000, la vyombo vya angani 2,400, na la mashujaa 2,200. Nyingine ilikuwa fuwele, sarafu iliyonunuliwa kwa fedha halisi.

Ndani ya kasha mlikuwa na mapambo, krediti kidogo, vipuri, na zaidi ya yote Kadi za Nyota. Kadi hizi hazikuwa urembo. Zilipunguza muda wa kusubiri kabla ya kurusha bomu tena, ziliongeza uhai au ziliimarisha silaha, na kila kadi ilikuwa na ngazi nne, kila ngazi ikiwa na nguvu kuliko iliyo chini yake. Aliyefungua makasha mengi aliingia uwanjani akiwa na faida dhidi ya aliyefungua machache, hata kama ustadi wao ulilingana. Wachezaji waliliona tatizo hili mapema, wakati wa toleo la majaribio la Oktoba 2017, na EA ikaahidi kwamba kadi za ngazi ya juu kabisa zitaondolewa kwenye makasha ya kawaida na zitapatikana kwa kutengenezwa na mchezaji mwenyewe. Vipuri vya kuzitengenezea, hata hivyo, viliendelea kutoka kwenye makasha.

Isitoshe, mashujaa sita walikuwa wamefungwa. Luke Skywalker na Darth Vader waligharimu krediti 60,000 kila mmoja. Leia, Chewbacca na Mfalme Palpatine 40,000. Na Iden Versio, mhusika mkuu wa hadithi, 20,000. Krediti zilitolewa hasa kwa kufuata muda wa pambano, si kwa jinsi mtu alivyopigana. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kidogo: baadhi ya wachezaji walifunga pedi zao kwa mpira ili mhusika azunguke peke yake uwanjani huku krediti zikiingia, na timu zao zikabaki na askari asiye na faida yoyote.

Novemba 2017

Wachezaji waliopata nafasi ya kucheza mapema walianza kupiga hesabu. Kwa kiwango cha krediti walichokuwa wakipata, kumfungua Vader au Luke kungechukua takribani saa 40, na hapo mtu awe hajanunua kasha hata moja. Makadirio mengine ya wapenzi, yaliyosambaa sana wiki hiyo, yalisema kufungua kila kitu kungehitaji zaidi ya saa 4,500 za kucheza au kama dola 2,100.

Tarehe 12 Novemba, kwenye mtandao wa Reddit, mchezaji aliyenunua toleo la dola 80 alilalamika kwamba Vader bado amefungwa. Akaunti rasmi ya EA ilijibu kuwa lengo ni wachezaji wajivunie kuwafungua mashujaa na waone kwamba wametimiza jambo. Jibu hilo lilipigiwa kura za kutoridhika zaidi ya 600,000, na baadaye liliingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama maoni yaliyokataliwa kuliko yote katika historia ya mtandao huo.

Siku iliyofuata EA ilishusha bei za mashujaa kwa asilimia 75, hivyo Vader na Luke wakawa krediti 15,000. Muda mfupi baadaye wachezaji waligundua kwamba zawadi ya kumaliza hadithi nayo ilikuwa imepunguzwa, kutoka 20,000 hadi 5,000. Zawadi hiyo ilikuwa imepangwa ilingane na bei ya Iden, kwa hiyo punguzo lilikuwa na mantiki yake, lakini kufikia hapo watu wachache walikuwa tayari kuiamini kampuni. Jioni ya tarehe 16 Novemba, saa chache kabla ya uzinduzi, Oskar Gabrielson, meneja mkuu wa DICE, alitangaza kwamba ununuzi wote wa fedha halisi ndani ya mchezo umezimwa kwa muda. Vyombo vya habari viliripoti kwamba Disney, mmiliki wa Star Wars, ilikuwa imeieleza EA wasiwasi wake.

Walichokubaliana na walichobishania wapenzi

Si sahihi kusema wachezaji walipinga kulipa. Wengi waliotoa maoni walisema wazi kwamba hawana shida na mchezo kuuza mavazi, rangi na mapambo, kwa kuwa vitu hivyo havibadilishi nani anashinda. Walikataa bei kuingia ndani ya pambano. Anayeshindwa katika mchezo wa ushindani hutaka kujua kwamba ameshindwa kwa sababu mwenzake ni hodari. Kadi zinazonunuliwa zinamwachia shaka, na hata mshindi huachiwa shaka hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, wapo waliowatetea watengenezaji. Walikumbusha kwamba bei ya dola 60 ilikuwa imedumu tangu enzi za Xbox 360 ingawa gharama za kutengeneza michezo mikubwa zilipanda sana, na kwamba viwanja vya bure navyo vina gharama. Wapinzani walijibu kwamba michezo mingi haiuzwi tena kwa dola 60 tu, kwani yapo matoleo ya kifahari, na kuuza kwa kupakua kupitia intaneti kunaokoa gharama za diski na usafirishaji. Hoja hizi zote zina ukweli ndani yake, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, hazielezi kwa nini fedha hizo zilipaswa kutafutwa kwa njia ya bahati badala ya bei iliyo wazi.

Kwa nini basi EA haikuuza mapambo tu? Blake Jorgensen, ofisa mkuu wa fedha wa kampuni, aliwaeleza wawekezaji mwishoni mwa mwezi huo kwamba ulimwengu wa Star Wars una kanuni zake, na kwamba Darth Vader mwenye rangi ya waridi angekwenda kinyume nazo. Wapenzi hawakuridhika: kati ya Vader wa waridi na kadi za kununua nguvu kulikuwa na nafasi kubwa, na baadaye mchezo wenyewe uliuza mavazi bila tatizo lolote.

Kamari au la

Nchini Marekani mbunge wa jimbo la Hawaii, Chris Lee, aliufananisha mchezo huu na kasino ya mtandaoni iliyolengwa kwa watoto. Miswada iliyofuata huko haikupita. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Aprili 2018 tume yake ya kamari ilitamka kwamba makasha ya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari isiyo na leseni. Battlefront II, ambao ndio uliozua uchunguzi, haukuhesabiwa kwa sababu mauzo yake yalikuwa yamekwisha kubadilishwa.

Hukumu hiyo iliigusa EA penye maslahi makubwa zaidi, yaani pakiti za wachezaji katika aina ya mchezo wa FIFA iitwayo Ultimate Team. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu FIFA zaidi kutokana na vibanda vya PlayStation, ambako kwa kawaida watu wawili hulipia mechi na kucheza kwenye skrini moja kwa timu zilizopo tayari. Pakiti hizo huhusu zaidi anayecheza mtandaoni kwa akaunti yake. Mwishoni mwa Januari 2019 EA iliacha kuuza sarafu za kununulia pakiti nchini Ubelgiji. Uholanzi nayo iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, lakini mwezi Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala iliifuta, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi na si mchezo wa bahati unaojitegemea. Uingereza iliamua mwaka 2022 kutotunga sheria mpya, ikiwataka watengenezaji wajirekebishe wenyewe.

Mabadiliko na hatima ya mchezo

Mchezo uliuzwa nakala milioni 9 hadi mwisho wa 2017, wakati EA ilitarajia milioni 10. Mwezi Machi 2018 muundo wote ulibadilishwa: mashujaa walifunguliwa kwa wote, Kadi za Nyota zikawa zinapatikana kwa kucheza tu, na makasha yakabaki na mapambo na krediti. Fuwele zilirudi mwezi uliofuata kwa ajili ya mavazi peke yake. Ahadi ya nyongeza za bure ilitekelezwa kwa zaidi ya miaka miwili. Obi-Wan Kenobi, Jenerali Grievous, Count Dooku na Anakin Skywalker waliongezwa bila malipo, na wachezaji wote wakaendelea kukutana katika viwanja vile vile, kama walivyotaka tangu 2015.

Nyongeza kubwa ya mwisho ilitolewa mwezi Aprili 2020. Mwezi Oktoba mwaka huo EA ilitoa Star Wars: Squadrons, mchezo wa mapambano ya angani, kwa dola 40 bila ununuzi wowote wa ndani. Mwezi Januari 2021 duka la Epic Games liligawa Battlefront II bure kwa wiki moja, na zaidi ya watu milioni 19 waliuchukua.