Tuseme Kabla Tingatinga Halijafika

Mara nyingi habari za mradi mpya hutufikia sisi wa majumbani zikiwa zimekwisha kupikwa na kupakuliwa. Kiwanja kimezungushwa mabati, tingatinga limeingia, na mikoko imeanza kuangushwa. Hapo ndipo tunapoanza kunung'unika, na maji yakimwagika hayazoleki. Ilhali sheria ya nchi yetu imetupa nafasi ya kusema mapema zaidi.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza miradi mikubwa kuanza kabla athari zake hazijachunguzwa. Wataalamu wenye idhini hupima yatakayofika kwenye maji, hewa, ardhi na riziki za watu, kisha ripoti hupelekwa NEMA, mamlaka inayotoa leseni au kuinyima. Kanuni za mwaka 2003 ziliongeza sharti: wenyeji watangaziwe, hata redioni kwa lugha yao, na ifanywe mikutano isiyopungua mitatu ya kuwaeleza athari na kupokea maoni yao, ya mdomo na ya maandishi.

Kwamba hayo si maneno ya karatasini tu, Lamu ni shahidi. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi. Wenyeji walihofia moshi, majivu na uharibifu wa bahari inayowalisha, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu kuu ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya awali ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na utafiti ulipokamilika hawakurudiwa wakaelezwa yaliyoonekana. Kuitwa mkutanoni bila kuelezwa madhara si kushauriwa.

Mahali ambapo tathmini ilirukwa, gharama waliibeba watoto. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi bila ya tathmini, na sumu ikaingia damuni mwa wakaazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini fidia haimrudishi aliyezikwa.

Kina mama wenzetu, sisi ndio tunaokesha na mtoto anayekohoa, na sisi ndio tunaojua kisima kilipobadilika ladha. Ushahidi huo usibaki jikoni. Tangazo likisomwa, twende. Tuulize maji machafu yataelekea wapi, wavuvi watapita njia gani, na nani atapima hewa kiwanda kikishaanza. Asiyeweza kusimama mbele za watu na aandike. Na leseni ikitolewa bila ya sisi kuridhika, sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa.

Ardhi na bahari hii ni amana tuliyokabidhiwa. Wajukuu wetu watatuuliza tulikuwa wapi siku ya mkutano. Inshaallah, tuwe na la kuwajibu.