Presha Isiyoonekana Mkononi

Shangazi yangu alikuwa hafiki ghorofa ya pili bila kupumzika mara tatu kwenye ngazi. Sisi tukamtania kuwa uzee umeingia. Alipopimwa presha mkononi, ikaonekana sawa. Akarudi nyumbani na pumzi yake fupi ile ile.

Wengi wetu hatujui kwamba presha ziko mbili. Ule mkanda wa mkononi hupima nguvu ya damu inayozunguka mwilini. Lakini upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwenye mapafu tu, na huko presha ni ndogo sana. Wastani wake ukizidi milimita 20 za zebaki mtu akiwa amepumzika, hiyo ni presha ya juu ya mapafu. Mkanda hauioni.

Hata ukiketi kitini unaweza usiihisi, kwa kuwa moyo bado unajimudu. Ukitembea, mwili hudai damu zaidi. Mishipa ya mapafu yenye afya hutanuka ikaipitisha, iliyosinyaa haiwezi. Moyo huelemewa, pumzi hukatika, kichwa huzunguka.

Shangazi alipata daktari aliyemwambia, "Mama, hebu tutembee kidogo." Kipimo hicho hakihitaji mashine kubwa: korido iliyonyooka ya mita 30, saa, na dakika 6. Mgonjwa hutembea kadiri awezavyo, akichoka husimama, huku mapigo na oksijeni vikiangaliwa. Kwa mwenye ugonjwa uliokwisha thibitishwa, kuvuka mita 440 ni dalili njema; kutofika 165 ni hatari kubwa. Kipimo hiki hakitaji jina la ugonjwa. Hilo huthibitishwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa hadi moyoni. Hiki huonyesha mgonjwa amefikia wapi, na kama dawa inamsaidia. Lakini usijipime mwenyewe nyumbani, hasa kama umewahi kuzimia ukitembea.

Jambo hili si la mbali nasi. Kichocho cha tumbo, selimundu na virusi vya UKIMWI, vyote vyaweza kuleta presha hiyo.

Basi ukienda hospitali, usiseme "nachoka" tu. Mweleze daktari mwaka jana ulikuwa ukifika wapi bila kupumzika, na leo unaishia wapi. Nasi tuliozoea kumcheka anayesimama kwenye ngazi, tumshike mkono tumpeleke.

Hadi wiki ijayo.