Soriasi (Sehemu ya Pili): Pomada Kali na Namna ya Kuiacha

Juma lililopita nilieleza soriasi ni nini: kinga ya mwili inaisukuma ngozi ijitengeneze upya kwa siku tatu au nne badala ya mwezi mzima, na magamba yanarundikana kwenye viwiko, magoti na kichwani. Nilisema pia kwamba haiambukizi na wala si ulozi. Leo ni zamu ya dawa ya kupaka. Nitakaa zaidi kwenye jambo linalonitia hofu hapa Fizi: pomada inayotibu soriasi ndiyo hiyohiyo inayonunuliwa sokoni na wanaotaka kujichubua.

Ukipewa tyubu, usiishie kwenye jina kubwa la rangi. Hilo ni la biashara. Jina la dawa yenyewe liko chini yake kwa herufi ndogo. Ukisoma clobétasol, umeshika steroidi ya kupaka iliyo katika kundi lenye nguvu kuliko yote. Bétaméthasone mara nyingi nayo ni kali. Hydrocortisone ni nyepesi, na ndiyo muganga anayoweza kuichagua kwa uso, makwapa au kinena, mahali ambapo ngozi ni laini na hunywa dawa upesi. Asilimia zisikupoteze. Clobétasol huandikwa 0.05% na hydrocortisone 1%, hivyo wengi hudhani ya pili ndiyo kali. Ni kinyume kabisa: nguvu iko katika aina ya dawa, na namba hizo hazilinganishwi.

Steroidi hutuliza uvimbe na kupunguza mbio za ngozi. Ikitumiwa kwa muda mfupi mahali panapostahili, ni dawa njema, na sitaki mgonjwa yeyote aitupe kwa woga. Ila aliyeipaka mwili mzima miezi kwa miezi ili awe mweupe, ngozi yake hukonda, michirizi hutokea mapajani, na kidonda kidogo hukawia kupona. Dawa huingia damuni na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, ambazo kazi yake mojawapo ni kuusaidia mwili kuhimili ugonjwa mzito. Mtu wa namna hiyo akishikwa na malaria kali au akipasuliwa hospitalini anaweza kuishiwa nguvu ghafla, na daktari asijue sababu. Kwa hiyo mama yeyote anayetumia krimu hizo amweleze daktari bila kuona haya. Jirani zetu wa Rwanda walifanya msako wa krimu za kujichubua mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Sisi bado tunazipanga karibu na sabuni.

Sasa kipimo. Kamua dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mgonjwa ambaye mabaka yake yote yanafikia ukubwa wa viganja vinne atatumia gramu moja kila anapopaka. Akipaka asubuhi na jioni, tyubu ya gramu 30 itamfikisha siku 15. Ikiisha baada ya siku tano, anapaka nene mno au anapaka pasipo na ugonjwa. Kwa clobétasol, mtu mzima asivuke gramu 50 kwa wiki, na kwa kawaida asivuke wiki mbili mfululizo kabla ya muganga kuitazama ngozi. Asifunike mahali alipopaka kwa plastiki, maana dawa itapenya zaidi. Anawe mikono, isipokuwa mikono yenyewe ndiyo inayotibiwa.

Kuacha ndiko wengi wanakoumia. Baada ya matumizi marefu, dawa kali ikikatwa siku moja, soriasi inaweza kurudi na hasira kuliko ya kwanza, wakati mwingine na vipele vya usaha. Hapa kwetu dawa hukatika bila mtu kutaka: mvua inaharibu barabara ya Uvira, bunduki zinalia, boti hazivuki, na farmasia ya Baraka inabaki na rafu tupu. Kwa hiyo rudi kwa muganga tyubu ikiwa bado na theluthi. Mwulize mapema namna ya kupunguza: pengine siku moja kupaka na moja kuacha, kisha mara mbili kwa juma, au kuhamia dawa nyepesi. Siku zote hizo endelea na vaselini isiyo na manukato, maana yenyewe hulainisha magamba na haina ukomo wa wiki. Anayepika kwenye mbabula akumbuke tu kwamba nguo iliyolowa vaselini hushika moto haraka.

Tyubu yako usimpakie mtoto mwenye choa. Wekundu utapoa, mama atafurahi, na huku kuvu inatambaa chini kwa chini hadi umbo lake libadilike na muuguzi ashindwe kuitambua. Mama anayenyonyesha asipake kifuani mtoto anapogusa. Mjamzito amwambie muganga kabla ya kuandikiwa dawa. Na vidonge vya dexaméthasone, ambavyo wengine humeza ili wanenepe, visiwe kamwe tiba ya kujianzishia ya soriasi. Ukiviacha, ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima.

Mlipuko huo hausubiri kesho. Ngozi karibu yote ikiwa ya moto na inabambuka, mgonjwa anatetemeka kwa baridi, ana homa, au vipele vya usaha vimezagaa, mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo pamoja na kila tyubu aliyokuwa akitumia. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu, kwani mara nyingi rangi huelekea zambarau au kijivu. Ipimeni kwa kiganja, msikie joto.

Juma lijalo: soriasi ya kichwani na kwenye kucha, na kwa nini inayoanza ghafla na kwa ukali hudai kipimo cha VVU.