Kazi ya Mwanafunzi Katika Miaka ya Uhaba

Nataka kunena nanyi habari ya kijana aliyenijia jioni moja ya Oktoba 2020, nikiwa nimeketi barazani nikitengeneza mafundisho ya Jumapili. Nalimjua tangu ubatizo wake, maana baba yake ni mzee wa kanisa letu. Jina lake silitaji. Akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akanena neno nisilolitazamia: "Mwalimu, nina kazi, nayo yanipatia fedha, lakini sijui kama kazi yenyewe ni dhambi."

Yawapasa kwanza kujua hali ya nyumba yao. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya huku pwani. Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nchi za nje. Wageni wakatoweka, hoteli zikafunga milango, na mzee yule akarudi nyumbani na visu vyake vya kazi na mshahara wa mwezi mmoja. Mwezi huo huo vyuo vikafungwa. Kijana alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, asomea kilimo, na mkopo wa serikali haukutosha karo wala chakula. Nyuma yake wako ndugu watatu.

Kazi aliyoipata ni hii. Wako wanafunzi wa Marekani na Uingereza wenye fedha kuliko bidii, ambao hununua insha za masomo yao kwa njia ya intaneti, na wengi wa wale wawaandikiao ni vijana wa Kenya waliosoma wakakosa ajira. Yule wa ng'ambo huweka jina lake juu ya karatasi, akaipeleka kwa mwalimu wake kana kwamba ni jasho lake. (Tangu 2022 sheria imekataza kuwauzia wanafunzi wa Uingereza kazi ya namna hii, walakini wanunuzi hawajakoma.) Kijana wetu aliandika usiku kucha, kwa sababu mchana wa Marekani ndio usiku wetu. Alikuwa ameandika juu ya uuguzi, juu ya sheria, juu ya historia ya Roma, na juu ya kilimo, somo lake mwenyewe, hajaandika hata ukurasa mmoja.

Nalitaka kumkemea, na karipio lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikahesabu miezi. Tangu Machi hata Oktoba ni miezi saba, na katika miezi hiyo hapakuwa na nyumba moja katika usharika wetu, yangu ikiwamo, iliyompa kijana huyu kazi ya hata shilingi kumi. Twalimpa salamu na maombi. Nikaona haya kumkemea. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu, nami nikafungua vitabu nipate kuona jinsi wanafunzi maskini walivyojipatia mkate katika miaka mibaya iliyotangulia.

Mwaka mbaya kuliko yote katika vitabu ni 1929 na ile iliyoufuata. Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, mabenki yakafungwa kwa maelfu, na kufikia 1933 yapata mtu mmoja katika kila wafanyakazi wanne wa Marekani hakuwa na kazi. Msiba ule haukukaa huko tu: huku kwetu bei za mkonge na kahawa zilishuka, na ujira wa vibarua ukapunguzwa. Katika mji wa Chicago walimu walifundisha miezi kadhaa bila mshahara. Basi ikiwa mwalimu halipwi, mwanafunzi atakopa kwa nani?

Katika hali hiyo aliingia Marekani, mwaka 1935, mwalimu mmoja kijana aliyekuwa amefundisha katika shule za misheni ya Kikatoliki huko Gold Coast. Huyo ni Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Ghana. Akajiunga na Lincoln University katika jimbo la Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Muda wa masomo alisaidia kazi katika maktaba ya chuo, na hiyo ilikuwa kazi njema. Taabu ilikuwa wakati wa likizo, maana ilimbidi aende mjini kujitafutia chakula na mahali pa kulala.

Katika mtaa wa Harlem, New York, alinunua samaki alfajiri kwa wachuuzi wakubwa, akawauza njiani. Mwili wake ukatoka vipele kwa sababu ya samaki wale, akaacha. Akaenda kiwanda cha sabuni. Sisi huona sabuni ikiwa safi na yenye harufu nzuri, lakini kazi yake yeye ilikuwa kuchukua kwa uma matumbo na mafuta ya wanyama yaliyooza, kuyatia katika toroli na kuyasukuma mpaka yanapochemshwa. Baada ya majuma machache daktari mmoja rafiki yake akamwonya ya kwamba akiendelea hatamaliza masomo akiwa mzima. Akaacha tena, akapata kazi melini, akisugua masufuria na kuosha vyombo. Zilikuwako siku alipokosa kodi ya chumba, akalipa senti tano za nauli ya treni ya chini ya ardhi, akalala humo akipelekwa na kurudishwa usiku kucha. Hata hivyo alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1939, na mwaka 1942 akapata ya elimu ya dini.

Watu wengi huisimulia habari hii kwa kusifu ushujaa, nao wana haki. Mimi niliisoma na kuisoma tena, nikaona na gharama yake. Wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha meli mji wa Chester tangu saa sita ya usiku hata saa mbili ya asubuhi, katika baridi kali, na mchana akasoma. Akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali. Mtu wa namna hiyo akiokoka twaandika kitabu, lakini hatuna kitabu cha wale waliozikwa, wala cha wale waliorudi kwao wamechoka, shahada hawana.

Sasa tazameni habari ya pili, ya miaka ile ile. Juni 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kuwasaidia vijana, na mkewe Eleanor alikuwa miongoni mwa waliomsihi sana afanye hivyo. Kwa Kiingereza idara iliitwa National Youth Administration. Haikutoa sadaka. Mwanafunzi mhitaji alipewa kazi katika chuo chake mwenyewe: kupanga na kutengeneza vitabu, kuandika katika ofisi, kusaidia katika chumba cha majaribio ya sayansi, kutunza viwanja. Saa zake zilipimwa zisiyale masomo. Wa shule ya sekondari hakupata zaidi ya dola 6 kwa mwezi, na wa chuo kikuu hakuzidi dola 20, wengi wakipata kama 15. Mpaka ilipofungwa mwaka 1943 idara ile ilikuwa imewasaidia wanafunzi zaidi ya milioni mbili.

Mmoja wao ni Arthur Miller, mtungaji wa michezo ya kuigiza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha makoti huko New York, na anguko la 1929 likamfilisi. Kijana alifanya kazi katika ghala la vipuri vya magari akiweka akiba, na mwaka 1934 akaingia chuo kikuu cha Michigan. Huko alilipwa dola 15 kwa mwezi kuwalisha panya wa maabara. Mtu aweza kucheka kazi ya kulisha panya! Lakini panya hula, wakatosheka, na mlishaji akarudi mezani kwake kuandika. Mwaka 1936 mchezo wake ulipata zawadi ya dola 250 pale chuoni.

Nisifiche ya kwamba idara ile haikuwatendea watu wote sawasawa. Wanafunzi weusi walihitaji mtu wa kuwasemea, naye akapatikana, Bibi Mary McLeod Bethune, aliyewekwa mwaka 1936 kusimamia mambo yao. Mama huyu yafaa watoto wetu wamjue. Alizaliwa mwaka 1875 katika South Carolina, mtoto wa kumi na tano katika kumi na saba, na wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Mwalimu wa kike aliyeshona nguo huko Denver alimlipia karo, mwanafunzi asiyemjua wala kumwona. Alitamani kuja Afrika kuihubiri Injili, na wakuu wa misheni ya kanisa lake wakamjibu kwamba hawana nafasi ya mmisionari mweusi Afrika. Jibu hilo lanichoma hata leo. Akageuka akafundisha. Mwaka 1904, huko Daytona, Florida, alifungua shule akiwa na dola moja na nusu na wasichana watano. Madawati yalikuwa masanduku, wino ulikamuliwa katika matunda ya mwituni, na fedha ya kuiendesha shule aliichuma kwa kuwauzia mafundi wa ujenzi vitumbua vya viazi vitamu, au mikate ya namna hiyo, sijui niite nini chakula chao. Mtu kama huyo alipokaa katika ofisi ya serikali, alijua dola sita zafanya nini katika nyumba ya maskini.

Kijana aliporudi siku ya tatu nilimsomea habari hizi zote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu, idara yetu iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu usiku ule.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikawaomba wenye nyumba kumi wabaki. Nikawauliza, si nani ana fedha ya kutoa, bali nani ana kazi ambayo haijafanywa. Hapo mambo yakabadilika. Mwenye duka alikuwa na daftari la madeni lisilosomeka tangu Aprili. Wenye watoto walilalamika kwamba shule, ijapokuwa zimefunguliwa kwa madarasa machache tarehe 12 Oktoba, watoto wengine wote wangali wakizurura nyumbani. Mama mmoja alikuwa na kuku mia mbili wakifa ovyo, na huku tuna mwanafunzi wa kilimo aandikaye habari za Roma!

Tukapatana. Watoto tisa katika baraza yangu kila siku tangu saa nane hata saa kumi, daftari la duka Jumamosi, na kuku asubuhi mbili kwa juma. Jumla ilikuwa shilingi 2,400 kwa juma. Sharti nililolishikilia ni hili, alipwe Jumamosi jioni, taslimu, pasipo njoo kesho. Nina sababu. Nilipokuwa darasa la mwisho la sekondari nilibeba mawe likizo nzima kwa mtu mmoja mcha Mungu, na siku ya malipo akanishika bega akaniambia thawabu yangu iko mbinguni. Nikarudi shuleni bila viatu. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, wasema wazi habari ya ujira uliozuiliwa, wala hausemi kwamba kibarua akiwa mwanafunzi au mwana wa kanisa mambo huwa mengine. Nami nakiri kwamba mara nyingi nimewaita vijana wafyeke uwanja wa kanisa siku nzima, nikawapa chai, nikaiita huduma. Palipo na haja ya kumsaidia mwanafunzi, iitwe kazi, ilipwe. Mtume Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Priskila, wala sidhani walimlipa kwa chai.

Fedha ya insha ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyompa. Lazima niseme hivyo, ili mtu asidhani kwamba kijana alichagua njia rahisi. Lakini usiku alilala, na kuku wakapungua kufa, na mwisho wa Novemba niliona daftari lake mwenyewe la masomo likiwa wazi juu ya meza yangu, baada ya watoto kwenda zao. Ada ilibaki pungufu. Baba aliuza baiskeli na jokofu, na mwenye duka akamkopesha kiasi.

Alirudi chuoni mapema mwaka 2021. Machi nikapata simu yake. Akaniambia, bila kuulizwa, ya kwamba ada ya mtihani ilimpungukia, akaandika insha mbili tena kwa majuma mawili. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikamwambia, "Nimesikia, mwanangu," nikakata simu. Kisha nikavaa viatu nikaenda dukani, nikamwuliza mwenye duka kama yu radhi kumlipa sasa kazi ya daftari ya likizo ijayo. Akafungua droo, akahesabu noti mbele yangu, akaniambia nimwambie kijana kwamba safari hii hesabu ni za miezi mitatu, na mwandiko wa mkewe ni mbaya kuliko wake.