Nani Anamwekea Nani Dumu Bombani?

Mwezi huu tuongee juu ya vijana wetu na marafiki zao. Wengi mnalalamika: huyu mtoto hanisikii mimi, anasikia marafiki tu. Ni kweli, lakini tusikasirike haraka.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alikuwa anakaa na watoto wanaocheza gololi, anawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza kwamba mtoto hajifunzi haki kwa kuamriwa na wakubwa tu, anajifunza zaidi kwa wenzake wa rika moja. Inaeleweka. Baba akigawa vibaya, mtoto ananyamaza. Rafiki akigawa vibaya, kesho hatapata wa kucheza naye. Inabidi wabishane mpaka wakubaliane.

Tazama pale bombani. Msichana anakuja na dumu lake na la rafiki yake aliyebaki kulea mdogo wake. Anayapanga yote mawili kwenye foleni. Kesho rafiki naye atamwekea. Hakuna anayeandika, lakini hesabu hiyo wanaijua kuliko ile ninayowafundisha mimi!

Sasa muulize mama aliye nyuma. Yeye ameona dumu moja limekuwa matano, na maji yanakaribia kufungwa. Haki ya wale wasichana imeishia kwa marafiki zao. Mgeni asiyejuana na mtu, nani amwekee?

Hapa Nyarugusu jambo hili lina uzito. Kambi ilianza mwaka 1996 na Wakongo. Warundi walipokuja kwa wingi mwaka 2015, watoto wao walisoma mtaala wa Burundi, na wa Kongo wakaendelea na wao. Vijana wakajuana bombani na kwenye mpira, siyo darasani. Ndiyo maana nashangaa mzazi anapomkataza binti yake rafiki wa upande ule. Kumbe huyo rafiki mmoja ndiye anamfanya aone kwamba na wale wana zamu yao.

Mimi naona afadhali kumuuliza jioni, bila kumgombeza: leo dumu la nani lilibaki nyuma, na kwa nini? Niliwauliza wasichana wa darasani kwangu. Walibishana karibu wiki nzima, wakaamua kila mtu aweke dumu moja tu la mwenzake, na la bibi mzee au mgonjwa lipite mbele, awe ni wa kwao au siyo wa kwao. Wavulana bado wanabishana.