Wakili wa Ubunifu ni Nani, na Kikundi Chenu Kinamhitaji Lini?



Siyu wanashona viatu vya ngozi. Matondoni wanasuka mikeka na kuunda majahazi. Lamu mjini wanachonga milango na kudarizi kofia. Kazi hizi tunazijua. Lakini mtu akichukua jina la kikundi chenu na kulipiga kwenye mali yake, mtamwendea nani? Wako mawakili wa kazi hiyo hasa, na leo tunawaeleza.

KISA CHA KIKOI

Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara nchini humo. Hebu fikirieni! Vazi walilojifunga babu zetu wakienda baharini, jina lake liwe la kampuni moja. Ombi lingepita, Mkenya anayeuza vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kutumia jina hilo. Shirika la Traidcraft likapinga pamoja na wenzao wa Kenya, mawakili wakaingia kazini, na mwaka wa 2008 ombi likaanguka.

Kuna somo hapa. Jina la kitu, kama kikoi au mkeka, ni la watu wote. Hata nyinyi hamwezi kulifanya lenu peke yenu. Lakini jina mlilobuni wenyewe, au picha mnayoipiga kwenye mali yenu ili mteja aijue, hiyo mnaweza kuisajili.

WAKILI HUYU ANATOKA WAPI?

Anaanza kama mawakili wote. Anasoma sheria chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne. Halafu anaingia Chuo cha Sheria cha Kenya, Nairobi, na kufanya kazi chini ya wakili mzoefu kwa miezi sita. Akifaulu mitihani anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lake linaandikwa katika orodha ya mawakili. Tena kila mwaka lazima apate cheti kipya cha kufanya kazi.

Hapo bado ni wakili wa kawaida. Ujuzi wa ubunifu unakuja baadaye, kwa kufanya kazi na wazoefu au kwa kurudi darasani. Chuo Kikuu cha Africa kilichoko Mutare, Zimbabwe, kina shahada ya pili ya fani hii. Na anayeshughulikia uvumbuzi, kama mashine mpya, husaidiwa sana akijua sayansi, kwani ni lazima aeleze mashine inavyofanya kazi.

Wengine hufika mbali. Profesa James Otieno Odek alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza KIPI, kisha akawa jaji wa Mahakama ya Rufani mpaka alipofariki Desemba 2019.

KIPI ni ofisi ya serikali ya kusajili alama za biashara na uvumbuzi. Ilianza mwaka wa 2002. Nyimbo, vitabu na picha zina ofisi nyingine, yaani KECOBO.

JE, NI LAZIMA TUMLIPE WAKILI?

Si lazima. Mkenya anaweza kupeleka ombi la alama KIPI mwenyewe. Kwanza jina hutafutwa, kuona kama hakuna aliyelitangulia. Likisajiliwa, ulinzi ni wa miaka 10, na unaweza kuongezwa miaka 10 mingine kila unapokwisha. Wakili anahitajika zaidi mtu akiwapinga, akiwaiga, au mkitaka kuuza nje ya nchi.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Hakikisheni ni wakili kweli. Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) kina orodha yao, na kinaonyesha nani ana cheti cha mwaka huu.

2. Mwulizeni amewahi kufanya kesi au maombi ya aina hii mara ngapi. Wakili hodari wa mashamba huenda asijue alama za biashara.

3. Mwulizeni gharama zote, na ada ya serikali ni ngapi ndani yake. Daini risiti.

4. Swali kubwa kuliko yote: alama itaandikwa kwa jina la nani? Ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, siku akiondoka au akifariki jina litabaki kwake au kwa warithi wake, na nyinyi mliofanya kazi mtabaki mikono mitupu. Amueni jambo hili katika mkutano, mliandike katika kumbukumbu, wote watie sahihi.

5. Wekeni ushahidi: picha za kazi zenu, tarehe mlipoanza kutumia jina, risiti za mauzo. Wakili hata awe hodari vipi hawezi kutetea kisichoonekana.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mkutano ujao, kabla ya kufikiria nauli ya Nairobi, mwombeni katibu alete daftari. Mtazame pamoja: jina letu liko wapi, na limeandikwa tangu lini?